Mwandishi mpya mtandaoni: jinsi ya kufika makala ya kumi kabla hamu haijakata

Hamu ya siku ya kwanza humwisha kila mtu. Makala mbili tatu zimetoka, hakuna aliyezisoma zaidi ya rafiki mmoja, na jioni ya nne unajikuta umechoka na huna la kuandika. Anayeendelea hapo ni yule aliyejiwekea utaratibu mapema, wakati hamu ingalipo. Wiki ya kwanza basi itumie kuweka utaratibu huo.

Kiwango kidogo, na deni lisilimbikizwe

Chagua kiwango unachokiweza hata siku mbaya: maneno 150, au dakika 20 za kutazama saa. Maneno 150 ni aya mbili tu, lakini ukiandika siku tano kwa wiki unapata 750, na hiyo ni makala nzima. Kosa la kawaida ni kujipangia maneno 1,000 kwa siku kwa sababu leo yametoka kwa urahisi. Siku ya nne unapata dharura, hukuandika. Kesho yake unadaiwa 2,000, keshokutwa 3,000, na kufikia hapo hata kulifungua faili unaona aibu. Kwa hiyo usijidai ya jana. Ukikosa siku moja, siku inayofuata kiwango ni kilekile cha 150.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliotoka mwaka 2010, ulifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya kwa wiki 12. Muda wa tendo kuwa mazoea ulikadiriwa kuwa siku 18 kwa mwepesi na siku 254 kwa mzito, na kukosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa mazoea hayo. Yule anayekuambia siku 21 zinatosha amekurahisishia mno.

Kiwango hicho kifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. "Nitaandika jioni" ni ahadi hewa, jioni ni ndefu. "Nikishaondoa vyombo vya chakula cha usiku, nakaa kwenye kiti kilekile na kufungua rasimu" ina saa yake na mahali pake, haikuachii nafasi ya kujadiliana na nafsi yako.

Mada ishirini kabla ya makala ya kwanza

Wengi wanaosema wameishiwa hamu wameishiwa mada. Andika ishirini kabla hujachapisha chochote. Zitafute sehemu tatu: maswali ambayo watu hukuuliza, mambo uliyoyatafuta mtandaoni ukakuta majibu nusunusu, na makosa uliyofanya mwenyewe hadi ukajua njia sahihi.

Kila mada iandike kama swali, tena jembamba. "Umuhimu wa kutunza simu" itakukwamisha aya ya pili, kwa kuwa haina mwanzo wala mwisho. "Kwa nini simu hupata moto ikichajiwa ikiwa chini ya mto?" inajibika kwa maneno 500, na msomaji anajua anachokuja kukipata. Mada pana ikikunasa, ikate mara tatu au nne na kila kipande kiwe makala yake.

Acha kiporo

Usimalize kila kitu kwa mkao mmoja. Dakika tatu za mwisho acha kuandika, hata kama sentensi bado zinakuja, kisha chini ya rasimu weka maelekezo ya kesho kwa herufi kubwa. Kwa ile makala ya simu yangekuwa hivi:

KESHO: JOTO HALINA PA KUTOKEA, MTO UNALIZUIA. ELEZA JOTO LINAVYOZEESHA BETRI. MALIZIA NA MAHALI PAZURI PA KUIWEKA IKICHAJIWA.

Kesho hukutani na ukurasa mtupu. Unakuta kazi imeshapangwa, na sentensi ya kwanza imebaki kunyooshwa tu. Maelekezo yawe mahususi. Ukiandika "endelea hapa" hujajiachia kitu.

Wakati wa kuandika, usirudi nyuma kurekebisha. Kama hujui tarakimu au jina fulani, weka XX na usonge mbele. Hakuna neno la Kiswahili lenye XX, hivyo ukija kuhariri utazipata zote kwa kutafuta mara moja. Anayesimama katikati ya sentensi kwenda kuhakikisha mwaka mmoja hurudi baada ya nusu saa, akiwa ametazama video nne. Kuhariri kuwe siku nyingine: pita mara ya kwanza kwa mantiki, mara ya pili kwa sauti ukisikiliza sentensi zinazokukata pumzi, kisha chapisha. Pito la tano kwa kawaida ni woga uliojivika vazi la umakini.

Vivyo hivyo kuchagua rangi na nembo ya ukurasa. Kazi hiyo ni tamu na haina mwisho. Chukua mwonekano uliopo na usiuguse hadi makala ya kumi.

Takwimu zifungue mara chache

Hapa ndipo wengi huangukia. Ukurasa mpya unaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kabla mtambo wa kutafutia, kama Google, haujautambua, na miezi kabla haujaanza kuleta wageni. Kuhesabu wasomaji kila asubuhi katika kipindi hicho ni kufukua mbegu uone kama imeota.

Tena namba ndogo hudanganya. Jana wasomaji wanne, leo tisa: grafu inapaa kana kwamba umegundua kitu. Huenda ni wewe uliyefungua kwa simu, ukafungua tena kwa kompyuta, na shangazi aliyetumiwa kiungo. Kesho wakiwa watatu unaona umeanguka, kumbe hakuna kilichobadilika. Zima arifa za simu, jiondoe kwenye hesabu kama mfumo unaruhusu, kisha fungua takwimu mara moja kwa mwezi. Kwa sasa hesabu unavyovimudu: siku ulizokaa kuandika, na makala zilizokamilika. Kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu vinatosha.

Swali moja kutoka kwa msomaji lina thamani kuliko laiki hamsini. Liingize kwenye orodha ya mada siku hiyohiyo. Matusi yafute, usiyajibu. Masahihisho ya kweli yafanyie kazi na ushukuru.

Ukikwama makala moja mara tatu mfululizo

Usijiite mvivu kabla ya kutafuta sababu. Jaribu kumweleza mtu hiyo mada kwa mdomo kwa dakika mbili. Ukigugumia, hujaijua vya kutosha: rudi kusoma, na kusoma huko ukuhesabu kama siku ya kazi. Ukieleza vizuri lakini huishii, ni pana, ikate. Ukieleza vizuri, ukafika mwisho, na wewe mwenyewe unapiga miayo, itupe na uchukue nyingine orodhani. Msomaji angepiga miayo kabla yako.

Ili wiki kama hizo zisikuangushe, chapisha siku moja maalumu kwa wiki na uwe na makala mbili zilizokamilika kama akiba. Ukitumia moja, irudishe kabla ya kujiongezea kiwango.

Makala ya kumi ikishatoka, tafuta ile iliyosomwa zaidi na uone ilijibu swali gani. Mwandikie msomaji huyo muendelezo, kisha soma tena makala yako ya kwanza. Utatamani kuifuta. Iache ilivyo, sahihisha makosa ya ukweli tu, na weka kiungo cha ile mpya chini yake.