Boga Kubwa Huponzwa na Kikonyo

Mkulima akitaka boga kubwa, la kwanza kuuliza ni samadi: mikokoteni mingapi ya ng'ombe, magunia mangapi ya mbuzi. Samadi ina kazi yake, hasa kwenye mchanga wetu wa Malindi usiokaa na maji. Lakini boga langu la kwanza kubwa, kule Ganda, halikufa njaa. Lilikuwa limeishinda sufuria ya pilau ya harusi, nami kila asubuhi napita kulipapasa, hadi siku moja nikakuta kikonyo kimechanika pale kinapokutana na shina. Boga lilivimba likalisukuma shina juu, na shina nalo limeng'ang'ania ardhi kwa mizizi yake. Kilichoachia ni kikonyo. Tulilila kwa nazi wiki nzima, majirani nao wakapata fungu lao.

Kwanza tuelewane kuhusu mbegu. Boga la kawaida la kupikia halitakuwa jitu hata ulilishe nini. Majitu hutoka kwa aina ya Atlantic Giant, iliyokuzwa na Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada. Mwaka 2023 kule California lilipimwa moja la kilo 1,247. Hao wana siku ndefu za kiangazi na usiku wa baridi. Sisi usiku wenyewe ni joto, na mchana wetu ni wa saa 12 na kitu mwaka mzima, kwa hiyo tani tuwaachie wenyewe. Boga la kubebwa na wanaume wanne linatosha kushangaza mtaa.

Mche mmoja upe nafasi ya kama mita 7 kwa 8. Shina kuu lielekeze kaskazini, ili upepo wa kusi ulipige kutoka nyuma. Ukiligeuza lipambane na kusi, siku moja utakuta mashina yamepinduliwa, majani tumbo juu. Matawi ya pembeni yapange kulia na kushoto kama miba ya samaki, na kila vijitawi vitakavyochipuka juu ya hayo matawi vikate vikiwa vichanga. Ukichelewa wiki moja tu shamba litakuwa kichaka na hutajua pa kukanyaga. Kwenye vifundo vya matawi fukia udongo wenye samadi, vitoe mizizi, tena shina likamatike lisipeperushwe. Sehemu ambazo hazijakamata zibane kwa vijiti vyenye panda.

Ua jike la kubakiza ni lile lililo kwenye shina kuu, mita 3 au 4 kutoka mzizi mkuu. Jioni kabla halijachanua lifunge mdomo kwa uzi. Kesho yake saa 12 asubuhi lifungue, chuma maua dume mawili matatu, upake chavua, kisha lifunge tena. Kitunda kifunike kwa kipande cha shela, kwani inzi wa matunda wa pwani hii hawana huruma. Likishika vizuri, toa matunda mengine yote. Hapa wengi hushindwa, wanaona uchungu.

Sasa kikonyo. Udongo uwahi ungali maji: kazi hii ifanywe boga likiwa mfano wa mpira wa watoto. Mara nyingi kitunda huzaliwa kikonyo kimelalia shina, pembe imebana. Unataka kikonyo na shina vifanye pembe mraba. Kisogeze kidogo kidogo, vidole viwili tu kila siku, tena saa 9 alasiri jua likiwa limelegeza mmea. Asubuhi kikonyo kimejaa maji, kinakatika kama karoti. Shina nalo lipinde polepole pande zote mbili lilikimbie boga, hata boga likae upande wa nje wa kona.

Vifundo vilivyo karibu na boga usivifukie. Kama vimeshatoa mizizi, ikate kwa kisu kiasi cha hatua moja kila upande, ili shina liweze kunyanyuka boga linapopanda. Tawi la pembeni lililo ubavuni mwa boga litoe kabisa, vinginevyo litasagwa na kuoza, na uozo uhamie kwenye boga.

Chini mwagia mchanga mkavu, unene wa kiganja. Mkeka na makumbi hukaa na unyevu na kuita mchwa. Juu weka kibanda kidogo cha makuti, kivuli kiwe cha boga peke yake. Majani yaache yapate jua.

Baada ya hapo, kila jioni pitisha kidole kati ya shina na bega la boga. Kikipita, nenda kaoge. Kisipopita, chukua kisu utafute mzizi ulioota upya chini ya shina, kwa sababu upo.