Namna ya kufuatilia ubini wa Kijerumani: tuanze na Meyer

Kazi yangu ya kila siku ni kusoma karatasi kuukuu za Kijerumani na kuzifasiri. Wateja wangu ni wa kila aina. Kuna aliyeambiwa babu yake alikuwa Mjerumani wa shamba la mkonge, na kuna dada aliyeolewa Hamburg anayetaka kujua ubini aliouchukua una maana gani. Mwaka juzi akanijia kaka mmoja, muongoza watalii wa Kilimanjaro, amechoka. Kila kundi la Wajerumani analolipandisha lina Meyer mmoja au wawili, na kila Meyer anamuuliza kwa utani kama amemuona huko juu "babu yao" Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha mlima huo mwaka 1889. Akataka kujua: hawa watu ni ndugu kweli?

Si ndugu. Swali lake ndilo nitakalolitumia kukuonyesha njia, maana ukiuweza ubini wa Meyer, ambao ni mgumu kwa sababu ni wa watu wengi, huu wa kwako utakuwa mwepesi.

Hatua ya 1: Andika ubini kwa kila sura unayoweza kuifikiria

Chukua karatasi. Andika Meyer, Meier, Maier, Mayer, Mayr, Meyr, Majer. Zote hutamkwa karibu sawa, kitu kama "maia". Kama jina lako lina vidoti juu, mfano Müller, ongeza Mueller na Muller, maana vidoti hupotea jina likivuka bahari. Waliohamia Marekani wengine waligeuka Myers.

Usiseme "sisi ni wa y, hao wa i hawatuhusu". Hilo ni kosa la kwanza la kila anayeanza. Ofisi za serikali za kusajili vizazi, ndoa na vifo zilianza Prussia, ufalme mkubwa ndani ya Ujerumani ya wakati huo, tarehe 1 Oktoba 1874, na Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo mwenye kalamu alikuwa mchungaji au padri, naye aliandika alivyosikia. Utakuta ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, mkubwa kaandikwa Meyer na mdogo Meier, kwa sababu tu kanisa lilibadilisha mchungaji katikati.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni wanawake. Katika vitabu vya zamani ubini wa mwanamke uliongezewa -in mwishoni. Ukisoma "Anna Meyerin", huo si ukoo mpya. Ni Anna wa kina Meyer. Mteja wangu mmoja alitafuta kina "Meyerin" miezi mitatu na hakuwapata, kwa kuwa hawakuwahi kuwapo.

Hatua ya 2: Tafuta neno lililomo ndani

Majina mengi ya ukoo ya Kijerumani huingia katika mojawapo ya makapu haya: jina la baba (Peters, Hansen), mahali (Bachmann, mtu wa kijito), kazi au cheo (Müller msagaji, Schmidt mhunzi, Schneider mshonaji, Weber mfumaji), na sifa ya mtu (Klein mdogo, Schwarz mweusi). Yalianza kushika mizizi mijini kuanzia karne ya 12, kusini na magharibi kwanza, kisha yakasambaa vijijini taratibu. Ostfriesland, kule pwani ya kaskazini, watu waliendelea kutumia jina la baba kizazi hadi kizazi mpaka amri ya Napoleon ya 1811 ilipowataka wachague jina moja lisilobadilika.

Meyer ni la cheo. Linatoka katika neno la Kilatini *maior*, "mkubwa zaidi". Kiswahili nacho kina watoto wa neno hilohilo, ila walipitia mlango wa Kiingereza: meya wa jiji na meja wa jeshi. Kwa hiyo mtu wetu wa Kilimanjaro anayetamka "Hansi Meya" hakosei sana.

Meya huyo lakini hakuwa na jiji. Alikuwa mnyapara. Zama za ukabaila, kabaila au monasteri ilikuwa na mashamba mengi yaliyotawanyika, na kila shamba kuu lilihitaji mtu wa kukaa pale: kuwasimamia wakulima, kukusanya mafungu ya nafaka na kuku wa kodi, kuhakikisha siku za kazi ya bwana zinafanywa. Huyo ndiye *meier*. Wanakijiji humpenda mnyapara kwa kiasi chake, lakini wote wanalijua jina la cheo chake, na cheo kikaganda kuwa jina la familia. Baadaye, hasa kaskazini, maana ikahama: *meier* akawa mkulima mkubwa aliyepanga shamba zima kwa masharti ya urithi. Basi hata mwenye jina hilo asijivune upesi wala asione haya upesi, maana inategemea babu yake aliandikwa lini na wapi.

Hesabu sasa mashamba yaliyokuwa na mnyapara. Ni maelfu kwa maelfu. Kila moja lingeweza kumzaa Meyer wake bila kuwajua wengine. Ndiyo maana watu walihitaji kuwatofautisha, tukapata Obermeier na Niedermeier (wa juu na wa chini), Westermeyer na Ostermeyer (wa magharibi na wa mashariki), Kirchmeier wa karibu na kanisa, Brockmeyer wa bondeni penye tope.

Kuna na mlango wa pili. Kwa Wayahudi, Meir ni jina la Kiebrania lenye maana ya "atoaye nuru", na halina uhusiano wowote na wanyapara. Walipolazimishwa na sheria kuwa na ubini wa kudumu, kwa mfano Prussia kwa amri ya mwaka 1812, wengine walichukua jina la baba au babu aliyeitwa Meir au Meyer. Kwa hiyo familia mbili za Meyer katika mtaa mmoja zinaweza kuwa na majina yanayofanana kwa sauti na yasiyokutana popote kwa asili. Karatasi ya familia ndiyo itakayokwambia wewe ni wa mlango gani. Kamusi haiwezi.

Kwa maana za majina, mahali pa kuaminika ni kamusi ya mtandaoni iitwayo Digitales Familiennamenwörterbuch Deutschlands, kwa kifupi DFD, inayoandaliwa Mainz tangu 2012. Ni bure na inaandikwa na wataalamu wa isimu. Zile tovuti zinazokuuzia ngao ya ukoo wenye jina lako zipite mbali. Ngao nyingi zilikuwa za familia fulani moja, na kushiriki ubini na watu hakukupi ngao yao.

Hatua ya 3: Liweke kwenye ramani, tena ramani sahihi

Ramani za majina ya Kijerumani hutengenezwa kwa orodha za simu za mezani. DFD hutumia laini za mwaka 2005, wakati karibu kila nyumba ilikuwa bado na simu ya mezani, na hilo ndilo linalozifanya ziwe na thamani hadi leo.

Utakutana na ramani za aina mbili. Ya kwanza huhesabu vichwa tu, nayo karibu kila mara hukuonyesha Berlin, Hamburg na München. Hiyo inakwambia watu wengi wanaishi mijini, jambo unalolijua tayari. Unayoitaka ni ya uwiano. Tuseme jiji lina simu 400,000, na 800 kati yake ni za kina Meyer: hao ni wawili katika kila elfu. Wilaya ya vijijini ina simu 60,000 na Meyer 900: hao ni kumi na tano katika elfu. Idadi zinakaribiana, lakini wilaya ndiyo penye harufu ya asili.

Ukifanya hivyo kwa sura zote za hatua ya 1, Ujerumani inajigawa mbele ya macho yako. Meyer imejaa kaskazini, Niedersachsen hasa, ambako ndiyo ubini unaoongoza. Maier iko kusini-magharibi na kusini mwa Bayern. Mayer pia ni ya kusini. Mayr inakuvusha mpaka wa Bayern hadi Austria na Tirol ya Kusini. Meier imetawanyika zaidi, na ukiingia Uswisi unaikuta nafasi ya pili nyuma ya Müller. Upande wa Ufaransa, Alsace, Meyer ni miongoni mwa majina ya juu kabisa.

Ramani ya leo ina shimo kubwa upande wa mashariki. Baada ya 1945 mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa Silesia, Pomerania na Prussia Mashariki, na jina lililokuwa la huko leo linaonekana limenyunyizwa kila mahali. Dawa yake ni orodha za majeruhi, waliouawa na waliopotea za Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wa kujitolea wameziingiza mtandaoni, zaidi ya maingizo milioni 8, na mengi yana mahali alikotoka askari. Tafuta jina lako humo uone lilikuwa wapi kabla ya watu kutawanywa.

Hatua ya 4: Wako wangapi leo?

Hapa sikawii. Simu ya mezani ni ya nyumba nzima, hivyo idadi ya laini unaizidisha kwa kitu kisichofika tatu upate watu. Müller, wa kwanza nchini, ana laini zaidi ya 250,000, ndiyo maana unasikia watu wakitaja laki saba. Meyer kwa maandishi hayo peke yake huwa wa tano au wa sita kutegemea orodha. Ukiwajumlisha na akina Meier, Maier, Mayer na Mayr wanawapita Schneider na Fischer. Tovuti zinazokupa idadi ya dunia nzima hadi mtu wa mwisho hukisia tu, zisome hivyohivyo.

Hatua ya 5: Kipate kijiji chenyewe

Mpaka sasa hujajua lolote kuhusu familia yako. Umejua kuhusu neno. Ushahidi ni Hans Meyer mwenyewe, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Ukifuata ramani ya y utampeleka Niedersachsen. Kumbe alizaliwa Hildburghausen, Thüringen, mwaka 1858, na babu yake Joseph Meyer alizaliwa Gotha, hukohuko Thüringen. Ramani inakupa pa kuanzia kubahatisha, basi.

Unachohitaji ni jina la mahali kutoka kwenye karatasi: cheti, pasipoti, nyuma ya picha, Biblia ya familia. Ukishalipata, lipeleke kwenye meyersgaz.org. Hicho ni kitabu cha miji na vijiji vya Dola ya Ujerumani cha miaka ya 1912 na 1913, na kinakwambia kila kijiji kilikuwa wilaya gani, kama kilikuwa na parokia yake na ofisi yake ya msajili ni ipi. Meyer wa jina hilo ni ndugu zake huyohuyo wa Kilimanjaro: kampuni iliyokichapa, Bibliographisches Institut, iliasisiwa na babu yake Joseph mwaka 1826, na Hans alikuwa mmoja wa wakuu wake.

Usikubali kijiji cha kwanza kinachotokea. Mimi nimewahi kukaa juma zima ndani ya vitabu vya Neuenkirchen, nikapata Meyer tele, nikafurahi, nikaanza hata kumchorea mteja mti wa ukoo. Kumbe ilikuwa Neuenkirchen nyingine. Jina hilo maana yake "penye kanisa jipya", na kaskazini ziko kadhaa. Tangu siku hiyo naanza na wilaya kabla ya kijiji.

Hatua ya 6: Ingia vitabuni

Kwa miaka ya 1876 kuja huku, andikia ofisi ya msajili, yaani Standesamt, au jalada la mji, yaani ofisi inayotunza nyaraka za zamani. Kumbukumbu za kuzaliwa hukaa kwa msajili miaka 110, za ndoa 80, za vifo 30, kisha huhamia jaladani ambako mtu yeyote anaweza kuomba. Barua iwe fupi, ya Kijerumani, na uambatanishe uthibitisho wa udugu kama muda huo haujapita.

Kurudi nyuma zaidi ni vitabu vya kanisa. Vya Wakatoliki vingi viko kwenye tovuti ya Matricula bila malipo, vya Walutheri vingi viko kwenye tovuti ya Archion kwa kulipia. Vimeandikwa kwa mwandiko uitwao Kurrent, ambao kwa siku mbili za kwanza utaona ni uzio wa miti tu. Herufi e inafanana na n, na y hubeba vidoti viwili juu. Anza na neno unalolijua tayari. Tafuta Meyer katika ukurasa mzima, zinakili M, e, r zake kwenye karatasi yako, kisha zitumie kufungulia maneno mengine.

Kama ukoo wako unatoka Westfalen, Lippe au jirani yake, jihadhari na herufi *gt.* au *gen.* katikati ya majina mawili. Ni kifupi cha *genannt*, "aitwaye". Huko jina lilikaa na shamba. Mwanamume aliyeoa binti mrithi wa shamba la Meyer alihamia pale, akaitwa Meyer, na watoto wake wakawa Meyer, ingawa alibatizwa Brockmann. Ukikuta "Brockmann gt. Meyer", Meyer wa vizazi vya nyuma ni watu wa mkewe. Hapo fungua karatasi mbili: moja ya kina Brockmann kwa damu ya baba, nyingine ya shamba, na tafuta shamba hilo kwenye daftari za kodi za kabaila wake, ambako mara nyingi jina la mnyapara limeandikwa kabla vitabu vya kanisa havijaanza.