Nywele ndefu za kipilipili na kuosha mara chache

Nywele za kipilipili hukauka upesi kwa sababu mafuta yatokayo kwenye ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka katika mizunguko yake hadi nchani, na kila shampuu huondoa hata hayo machache. Anayeziosha kila baada ya siku chache hudhani hazikui, ilhali zinakua karibu sentimita 1 kwa mwezi na kukatikia kwenye chanuo. Kwa wengi, kuosha mara moja kila wiki mbili kunatosha, na mahitaji ni mafuta ya nazi, shampuu isiyo kali, chanuo lenye meno mapana na kitambaa cha satini.

Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, zigawe nywele mafungu manne au sita, uzipake mafuta ya nazi kuanzia nchani. Mafuta haya hupenya ndani ya unywele na kuuzuia usivimbe kwa maji. Mwenye mba asiyapake kwenye ngozi ya kichwa.

Asubuhi, suka kila fungu butu legelege kabla ya kulimwagia maji, ili nywele zisijifunge mafundo. Koroga kijiko cha shampuu katika kikombe cha maji, umimine kwenye ngozi ya kichwa pekee na kusugua kwa ncha za vidole. Povu linaloteremka hutosha kusafisha zilizobaki. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, wamalizie kusuuza kwa maji ya mvua, kwani ugumu unaolaumiwa shampuu mara nyingi ni wa maji yenyewe.

Zikamue kwa fulana kuukuu ya pamba bila kuzisugua, uzichambue kwa vidole zingali na unyevu, ndipo uchane kuanzia nchani kwenda juu. Kisha suka mabutu au twende kilioni. Msusi akivuta mpaka vipele vikatokea kwenye paji la uso, fumua siku hiyohiyo hata kama umeshalipa, maana mizizi inayovutwa mara kwa mara huishia kutootesha tena.

Lala umejifunga satini, kwa sababu foronya ya pamba hunyonya unyevu. Jasho la katikati ya wiki lifute kwa kitambaa kibichi kwenye mistari ya kichwa. Siku ya kufumua usishtuke ukiona nywele nyingi mkononi: kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na za siku 14 zilikuwa zimenaswa ndani ya mabutu.