Kabla hujamwingiza mgonjwa majini

Kwanza amua: ziwani au bwawani? Kwa mtu wa mazoezi ya viungo, hapa Mwanza jibu ni bwawani, tena lenye maji yaliyotiwa klorini. Kingo za ziwa zina konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Usiniambie umeogelea humo tangu utoto. Hata mimi, na dawa ya kichocho nimeimeza mara nyingi tu.

Kandambili acha nyumbani, zinateleza kwenye vigae. Jaketi la kujiokolea mvalishe, funga mikanda yote, kisha lishike mabegani uvute juu. Likifika masikioni, rudisha dukani. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Tyubu la gari si kifaa, ingawa sote tumekulia juu yake: alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na tyubu huondoka nao.

Sasa maboya ya miguuni. Haya ndiyo yaliyoniponza.

Mama alikuwa na goti bovu. Mtaalamu wa viungo akamshauri mazoezi ya majini, kwa kuwa maji yakifika kifuani miguu hubeba kama theluthi tu ya uzito wa mwili. Nikapita mitumbani Mlango Mmoja, nikakuta vikuku viwili vya sponji vya kufunga kwenye vifundo, rangi ya buluu. Bei nzuri. Sikumuuliza mtu. Jumamosi nikamkalisha mama kwenye ngazi ya bwawa, nikamfunga vyote viwili, nikamwambia, "Sogea mama, maji yatakubeba."

Yakabeba miguu. Nyayo zikachomoza juu, kichwa kikaenda chini. Alijaribu kushusha miguu ikagoma, maana boya huinua pale lilipofungwa, na mtu asiye na nguvu za kiuno hawezi kulishinda. Nilimshika kwapani nikamgeuza. Alikohoa, akafuta uso, akaniuliza, "Ulinileta kufanya mazoezi au kunibatiza?"

Kwa hiyo: maboya ya vifundoni ni ya mtu anayejimudu, na hata yeye asimamiwe. Mgonjwa aanze akisimama kwenye maji ya kifua, mkono ukingoni, na wewe uwe ndani ya maji pembeni yake, si kwenye kiti na simu. Kifaa kipya kijaribu mwilini mwako kwanza. Muulize mtaalamu kila kimoja kinafungwa wapi na kwa nini.

Mengine unayajua. Usimwingize akiwa na kidonda kibichi au amekula ugali sasa hivi. Sponji ikichanika, tupa. Anika kivulini, jua huila. Na wale mtakaokwenda ziwani hata baada ya haya yote, jioni viboko hutoka kula majani, na wingu likianza kuwa jeusi upande wa maji, tokeni kabla ya radi ya kwanza.