Jinsi ya kutia maneno ya Kiswahili kwenye jazz isiyo na muimbaji

Naulizwa sana hili swali, eti Kiswahili kitaingiaje kwenye jazz ya ala tupu? Kinaingia, tena vizuri mno, ila usianze na kalamu. Hapa ntatumia So What ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya 1959, maana melodi yake ni rahisi kuishika.

Hatua ya 1: isikilize mpaka uweze kuiimba kwa la la la bila rekodi. Melodi tu, solo, yaani pale mpigaji mmoja anapojitungia yake papo hapo, ziache kwanza. Kutia maneno kwenye solo ni kazi nyingine kabisa, ndo aliyoifanya muimbaji Eddie Jefferson alipochukua solo ya saksafoni ya James Moody iliyorekodiwa Sweden 1949 akaivika maneno, muimbaji mwenzake King Pleasure akaja kuirekodi 1952. Utafika huko, lakini sio mwezi wa kwanza.

Hatua ya 2: jua nyumba imejengwaje. Wimbo una baa 32 (baa ni kipande cha mapigo manne), yaani nane, nane tena, halafu nane zinazopanda nusu toni, hatua moja ndogo ya sauti, halafu nane za kurudi chini. Besi ndo inayoongea, na piano inaijibu kwa noti mbili, baadae ala za kupuliza zinaingia kujibu nayo. Sasa hizo noti mbili zisikilize vizuri, ya kwanza inavutwa, ya pili inakatwa. Kiswahili hicho! Keeesho. Kweeeli. Neno letu la silabi mbili linatamkwa hivyo hivyo, mkazo unatangulia. Siku nilipolisikia hilo nilikuwa jikoni, nikazima jiko kabisa nikawa naimba tu.

Hatua ya 3: hesabu noti za besi, kisha mizani ya mstari wako, yaani silabi zake, na uhesabu kwa mdomo sio kwa macho, kwa sababu "mtoto" inakula noti tatu, m-to-to, ila "mbuzi" ni mbili tu.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi wanaharibu: mkazo. Maneno yetu karibu yote yanakazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hiyo ndo ikae kwenye noti nzito. Chukua "barabara". Ukikaza ba ya pili, baraBAra, ni njia ya magari, ukikaza ra ya kwanza, baRAbara, ni sawasawa. Mizani ni ile ile, maana mbili tofauti, na melodi ndo itaamua msikilizaji asikie ipi.

Hatua ya 5: tafuta kisa kinachofuata umbo la wimbo. Mimi niliweka mtu anayepigiwa simu na mama yake, besi inauliza "utarudi lini", jibu "kesho", anaulizwa tena kwa namna nyingine, bado "kesho". Zile baa nane zinapopanda jibu linageuka "leo", "leo", mpaka unaamini kweli anakuja, halafu wimbo unashuka na kesho inarudi.

Hatua ya 6: punguza spidi ya rekodi, imba juu yake, na neno linalokukwama mdomoni litoe hata kama unalipenda.

Nyumbani imba utakavyo, ila kabla hujaachia popote omba ruhusa kwa wenye haki za wimbo, maana maneno ni yako lakini melodi sio yako.