Tangi jipya la samaki: lishe maji kwanza

Ukinunua tangi la kioo hapa Tanga, usikimbilie kutia samaki. Jaza maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima klorini itoke, washa chujio, kisha kila siku tupia chembe za chakula cha samaki humo humo. Kikioza hutoa amonia, sumu. Bakteria huigeuza nitriti, sumu nayo, halafu nitrati isiyo kali hivyo. Huchukua wiki 4 hadi 6, ingawa joto letu husaidia. Ukipata sponji chafu ya chujio la jirani mwenye samaki wazima, iliyo na bakteria hao tayari, bora zaidi, ila usiifue! Makombe ya Raskazone yaache ufukweni, yanaongeza ugumu wa maji. Vipimo vya amonia na nitriti vikisoma 0, tia samaki wachache wachache.