Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kushindilia Pevingi Zilizotandazwa Upya

Kitofali cha zege kilichokomaa hakipasuki kwa urahisi chini ya kompakta, yaani mashine yenye bamba la chuma inayoshindilia kwa kutikisika. Kinachokipasua, mara nyingi, ni kitu kilichoachwa chini yake au juu yake kabla mashine haijawashwa. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba anayetandaza pevingi uani, au kabro kama wanavyoziita jirani zetu wa Kenya, afanye ukaguzi wake wakati injini bado imezimwa, kwani mtikisiko ukishaanza, kasoro ya tabaka la chini hairekebishiki bila kung'oa kilichokwisha kupangwa.

Ukaguzi uanze na umri wa vitofali vyenyewe. Zege hupimwa nguvu yake kamili likiwa na siku 28, na sehemu ya muda huo, hasa siku za mwanzo, lazima limwagiliwe maji. Lakini vitofali vingi vinavyofyatuliwa kando ya barabara huuzwa vikiwa bado vibichi, kwa kuwa mteja ana haraka na mfyatuaji anahitaji fedha. Muuzaji aulizwe tarehe ya kufyatua kabla ya gari kupakia. Kitofali ambacho pembe yake inamomonyoka kwa kukwaruzwa na msumari hakifai kupelekwa chini ya kompakta, hata kama rangi yake inavutia.

Linalofuata ni msingi. Kwa uwanja wa kutembea na kupumzikia, ambao hautapitiwa na magari, tabaka la moramu au kokoto zilizochanganyika na unga wake lenye unene wa sentimita 10 hadi 15 baada ya kushindiliwa linatosha katika udongo mgumu, ila kompakta ndogo haina uwezo wa kushindilia zaidi ya sentimita 10 hivi kwa mara moja, hivyo unene unaozidi hapo ugawanywe katika matabaka. Sehemu za kutiliwa shaka zaidi ni zile zilizofukuliwa karibuni: mtaro wa bomba la maji, njia ya majitaka kuelekea kwenye shimo, na ukanda wa ukutani ambako mafundi wa nyumba walirudishia udongo bila kuushindilia. Hapo msingi unaweza kuonekana umekaza juu huku chini ukiwa mlegevu, na kompakta ikipita, vitofali vya eneo hilo pekee ndivyo vinavyotitia na kuegemeana kingo kwa kingo. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, tabaka hilo huondolewa na kurudishiwa kifusi kizuri. Hakuna ushindiliaji wa juu utakaoufanya utulie.

Mchanga wa kulalia vitofali ndio unaokosewa zaidi. Unapaswa kuwa na unene wa milimita 25 hadi 40, ulio sawa kila mahali, uliosawazishwa kwa rula ndefu ya fundi na kuachwa bila kushindiliwa, maana kazi yake ni kupokea kitofali na kupanda kidogo katika nafasi zilizopo kati ya kimoja na kingine pale mashine inapopita. Fundi anayeziba bonde la msingi kwa kuongeza mchanga anajiletea bonde lile lile upya, kwa kuwa penye mchanga mwingi hushuka zaidi. Unyevu nao uangaliwe: mchanga ukifumbatwa kiganjani ushikamane bila kuchuruza maji. Uliolowa chepechepe hugeuka uji chini ya mtikisiko, na vitofali huanza kuelea badala ya kukaa. Baada ya mvua kubwa ya masika ni heri kusubiri. Vumbi la mawe, ambalo wengi hulipendelea kwa bei yake, hushika maji kuliko mchanga mkavu wa chembe nene, na mimi siliweki chini ya pevingi mahali ambapo maji hutuama.

Kwa kuwa vitofali vitashuka, viwe vimepangwa juu ya kimo cha mwisho kwa milimita 5 hadi 10. Kipimo hicho kilinganishwe kwenye kizingiti cha mlango na kwenye mifuniko ya chemba, na mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita uelekee mbali na ukuta wa nyumba.

Kingo za pembeni ziwe zimejengwa na zege lake liwe limekaza, wala si la jana jioni, kwa kuwa mtikisiko husukuma vitofali upande pamoja na kuvishusha. Vipande vilivyokatwa visiwe vidogo kuliko theluthi ya kitofali kizima; kijipande chembamba kilichobanwa kwenye kona ndicho kitakachovunjika kwanza, na dawa yake ni kukata upya kitofali cha jirani ili vipatikane viwili vyenye ukubwa wa kutosha. Kati ya kitofali na kitofali ibaki nafasi ya milimita 2 hadi 5. Vinavyogusana kabisa humegeka kingo, na mmegeko huo hauzibiki.

Sasa uso wa juu. Piga goti, tazama kwa kuelekea jua la asubuhi, na utaona punje za kokoto, vumbi zito la mashine ya kukatia na matone ya saruji yaliyoganda. Punje moja iliyo kati ya bamba la chuma na kitofali hubeba peke yake nguvu ambayo ilipaswa kutawanyika eneo lote la bamba, ikaacha alama nyeupe ya nyota au ikakipasua kitofali katikati. Eneo lote lifagiliwe hadi liwe safi, kisha bamba lenyewe ligeuzwe na kukaguliwa: zege lililoganda tangu kazi iliyopita, ukingo uliopinda au boliti iliyojitokeza vitachora mistari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa vitofali vya rangi au vyenye uso laini, mkeka wa mpira unaofungwa chini ya bamba si anasa. Usipopatikana, kipande cha zulia chakavu husaidia, mradi kikung'utwe mara kwa mara.

Mashine yenyewe ilingane na unene wa kitofali. Kwa cha milimita 60, kompakta ya kilo 80 hadi 130 yenye nguvu ya takribani kilonyutoni 20 inafaa. Ile kubwa iliyoletwa kwa ajili ya msingi irudishwe garini. Vigae vya kauri, mawe ya asili yaliyopasuliwa membamba na mabamba mapana ya zege havishindiliwi kwa kompakta ya bamba hata kidogo, bali hukaziwa kimoja kimoja kwa nyundo ya mpira. Kabla ya kuwasha, hakikisha mafuta hayavuji, kwani doa lake huingia ndani ya zege.

Kabla ya mapito ya kwanza, vitofali vya akiba vya fungu lile lile viwe karibu, kwa kuwa mapito hayo hufanywa kabla ya kujaza mchanga katika nafasi zilizo kati ya vitofali, ili kilichopasuka king'olewe kwa urahisi. Mchanga huo wa kujazia uwe mkavu, uliochekechwa na kufunikwa kwa turubai. Ukiwa na unyevu hukwama juu na kuacha uwazi chini. Mwendeshaji aanzie pembeni kuelekea katikati, kisha apite tena kwa kukatiza njia ya kwanza. Ikiwa kazi haitakamilika siku hiyo, asisogee karibu zaidi ya mita 1 na ukingo ambao bado hauna kizuizi, na ukanda huo ubaki bila kushindiliwa mpaka vitofali vya kesho yake viungane nao.